Maporomoko ya Sheldrick na watoto wadogo na nyanya yao, wataweza kutembea?

Mama Nasra, Kisauni
Assalam alaikum wenzangu. Likizo hii nataka kuwapeleka wanangu hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills kule Kwale, kwenye maporomoko ya Sheldrick. Nasra ana miaka 11, mdogo wake 8, kitinda mimba 5. Bahari wameizoea, lakini maji ya mlimani hawajayaona, na yule wa pili hanipi nafasi tangu aone picha kwenye simu ya mjombake. Mamangu, miaka 63, ameshasema habaki nyumbani, na goti lake la kulia humuuma. Walioenda na wadogo, njia ikoje? Na hapo chini watoto huogelea kweli ama ni kulowesha miguu?

Baba Saumu, Likoni
Wa alaikum salaam dada. Huogelea, tena watafurahi sana. Fikiria kurudi. Njia ni kama kilomita 2 hivi, na kwenda karibu yote ni kushuka, ndiyo maana mtu hufika chini bado ana nguvu akaona safari ni nyepesi. Saumu wangu alikuwa na miaka 5 vilevile. Alishuka akirukaruka nyuma ya askari, akaoga, akala mahamri manne, na kilima kilipoanza akaketi chini. Nilimfunga mgongoni kwa leso ya mamake nikapanda naye hadi kwenye gari, jua la saa saba utosini, kwa kuwa msitu uko chini na sehemu ya juu ni nyasi tupu. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha kule kule kwenye maporomoko. Sitasahau midomo yake ilivyokauka. Kwa hivyo gawa maji mafungu mawili, na fungu la kurudi lisiguswe hata wakililia. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa hifadhini tangu Juni 2020, beba za chuma au kidumu.

Hamtashuka peke yenu. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori, huenda nanyi na bunduki, maana kuna ndovu na nyati. Mavi ya ndovu mtayaona njiani. Kabla ya kushuka waambie watoto watazame nyasini, huenda wakamwona palahala, yule mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni. Kenya nzima amebaki hapo tu. Saumu alimwona mmoja, na tangu siku hiyo daftari lake la kuchorea limejaa palahala.

Sasa maji. Yanaanguka kutoka zaidi ya mita 20, na sauti utaisikia kabla hujayaona. Sisi tulikuta kando ni ya magotini, mchanga na mawe, lakini ingia wewe kwanza na fimbo upime, kwani mvua hubadilisha chini. Na wanao wamejifunza baharini, hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Maji ya chumvi humbeba mtu, maji ya mto yasiyo na chumvi hayambebi hivyo. Mtoto anayeelea vizuri Nyali ataona mwili umekuwa mzito, na baridi ya maji yale humkata pumzi akiruka ghafla. Waingie polepole, na huyo wa miaka 5 mkono wako usimwachie. Chini kabisa ya maporomoko wasiende.

Mvua ikinyesha usiku, ahirisha. Udongo huteleza, na maji yakija mekundu huoni unapokanyaga.

Bi Mwanaisha, Kwale
Baba Saumu kasema kweli. Mimi naongeza la mama. Goti bovu huteseka zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda, nami nimelijua hilo kwa mamangu mzazi, tuliyemsaidia kurudi watu wawili, hatua kumi, mapumziko, hatua kumi. Alikuwa akiomba radhi njia nzima, na mimi ndiye niliyepaswa kumuomba. Mwache mamako kule juu na mtu mzima mmoja na gari. Upepo wa pale ni mzuri, na chai mtamwachia. Baadaye mzungushe kwa gari hadi Giriama Point, mahali pa kutazamia mandhari humo humo hifadhini, aitazame bahari akiwa mlimani.

Lipeni kiingilio kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, mkiwa nyumbani, langoni hawapokei pesa taslimu. Vukeni feri mapema, Kombani mkate kulia. Na msivae buluu iliyokolea wala nyeusi, mbung'o huzifuata.

Mama Nasra, Kisauni
Mungu awalipe. Nimemsomea mama yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kule juu pana kivuli, basi nimejua amekubali. Dadangu atakaa naye. Moja la mwisho: Nasra ameshakua, aogelee na dera?

Bi Mwanaisha, Kwale
Hapana mwanangu. Dera likilowa hujizungusha miguuni, na hapo ndipo mtoto anapozama. Mvalishe suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, dera alivae juu akitoka. Na raba za kutembelea zisiingie majini, kupanda na viatu vilivyolowa kutamchubua visigino.

Mama Nasra, Kisauni
Sawa bi. Jumamosi inshallah, tukiamka na anga safi.