Mjadala: Picha za "Mashariki" za Elyse Lord zishushwe ukutani au zibaki?

Wadau naomba tulijadili hili kwa kutulia, maana kila likija watu wanagawanyika haraka mno. Kuna mama mmoja msanii wa Uingereza, Elyse Lord, kafariki 1971, kazi zake zilivuma sana miaka ya 1920 na 1930. Alikuwa anakwaruza mchoro kwa sindano kwenye bamba la shaba, wino unakaa kwenye ile mikwaruzo, bamba linakandamizwa kwenye karatasi mistari inatoka, halafu rangi anaongezea kwa vibao vya mbao, na hiyo ya vibao ndo njia ya Wajapani kabisa, wameifanya karne na karne. Ukizitazama unaona mabibi wa Kichina na majoho ya hariri, ndege, maua, farasi, rangi laini mpaka unataka kuzigusa. Sasa ugomvi uko hapa: China hakuwahi kwenda, Japani hakuwahi kwenda. Huo "Mashariki" wake wote aliupatia hukohuko Uingereza.

Kuna wanaosema huu ni wizi wa utamaduni, zishushwe. Kuna wanaosema sanaa haina mipaka, acheni maneno. Mimi nasema zibaki, ila sio kwa hiyo sababu ya sanaa haina mipaka, hiyo naiona ni njia ya kukwepa deni kwa wale waliokopwa.

Kukopa kwenyewe sio kosa. Lile wimbi kubwa la Hokusai, msanii wa Japani, la mnamo 1831 ambalo kila mtu kaliona hata kwenye fulana, ile bluu yake ni rangi iliyogunduliwa Berlin, ikaingia Japani kwa biashara, na hakuna aliyemwita Hokusai mwizi. Mary Cassatt, Mmarekani aliyekuwa anaishi Paris, aliona maonyesho ya picha za Kijapani mwaka 1890 na muda mfupi baadaye akatoa zake 10 za rangi kwa mabamba ya shaba, lakini alichora akina mama wa pale pale Paris, anaogesha mtoto, anafunga barua, yaani alichukua jicho la Wajapani akaangalia nyumbani kwake. Na sisi huku pwani bibi zetu wamevaa kanga zilizochapwa Japani miaka na miaka, hivi kuna mtu anaweza kusema ile sio kanga?

Wengine wanasema sawa, kosa la Lord ni kutosafiri tu. Hapa ndo sikubaliani kabisa. Muangalieni Elizabeth Keith, Mskoti, alifika Tokyo 1915, mwaka 1919 akaenda Korea wakati Wakorea wameshaingia barabarani kudai uhuru wao kwa Wajapani, akawachora watu wa kawaida, wazee, maharusi, wajane, kwa heshima kubwa. Safi sana. Lakini picha zake za mbao zilichongwa na kuchapwa na mafundi wa Kijapani chini ya Watanabe, mchapishaji wa Tokyo, na jina linalojulikana duniani ni la Keith. Najua mtaniambia hata Hiroshige, msanii wa Japani wa zamani, aliachia mafundi kazi ya kuchonga, kweli, ndo ulikuwa utaratibu wa kwao wenyewe. Ila Hiroshige na fundi wake walikuwa wa mji mmoja, lugha moja, na wanunuzi walikuwa wanajua picha inapita mikono ya nani na nani. Ikifika London hiyo habari yote inapotea njiani. Kwa hiyo tiketi ya meli haikufuti deni.

Tena hawa mafundi walikuwepo London penyewe jamani! Urushibara, fundi wa vibao kutoka Japani, alikuja kwenye yale maonyesho ya Japani na Uingereza ya 1910, akabaki Ulaya kama miaka 30, akachonga michoro ya msanii Frank Brangwyn, akafundisha Waingereza. Kuna mchoro mrefu wa Kichina wa kukunja, wa mabibi wa ikulu, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Beijing kwenye vurugu za 1900, Wachina walipoasi dhidi ya wageni, alikuja nao London na makumbusho ya British Museum ikaununua 1903 kwa pauni 25. Pauni 25! Halafu walipotaka nakala zake za kuchapa, wakampa kazi Urushibara na mwenzake, zikatoka 100. Fikirieni hapo: mchoro wa Wachina, ulioingia kwa mgongo wa jeshi, ukanakiliwa na Wajapani, na ndani ya jiji hilohilo mabibi wa hariri wanakuwa fasheni.

Na fasheni yenyewe ilikuwa na madhara yake, tusifiche. Mwaka 1931 Japani inavamia Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, Wachina wanakimbia makwao, China ya ukutani kwa watu wa London ni hariri na ndege tu. Simlaumu Lord peke yake kwa hilo, mkono wake ulikuwa mzuri sana na mstari wake hautetemeki, ila mtu akizoea kuona watu wengine kama pambo hata shida yao inakuwa mbali naye.

Ndo maana nataka zibaki lakini pembeni yake ziwekwe kazi za Wachina na Wajapani zenyewe, kibandiko kiseme huyu hakufika huko, njia hii ya rangi ni ya nani, na vitu alivyokuwa anaviona mtu wa London wakati ule viliingia mjini kwa biashara au kwa bunduki. Neno "Mashariki" peke yake halitoshi, Mashariki gani, ya nani, mwaka gani?

Wa upande wa kushusha nijibuni hili kwanza: mkishazifungia stoo, Urushibara mtamtaja ukuta upi?