Udongo niliouzoea haupatikani tena: mliobadilisha, tupeane uzoefu

Habari zenu wafinyanzi. Udongo wa mifuko niliokuwa nanunua Dar hauletwi tena. Muuzaji anasema kiwanda kimeacha kuutengeneza. Ulikuwa mwekundu, unavutika vizuri kwenye gurudumu, na glezi zangu zote (ule mpako unaoyeyuka tanurini ukawa kama kioo juu ya chombo) zilikuwa zimeukubali. Nimejaribu wa mtoni hapa jirani, vyungu vinapasuka hata kabla ya kuingia moto. Nyie mlifanyaje? Semeni mlichotumia na kilichotokea, sio "jaribu tu utaona".

Bibi Mtungi: Pole mwanangu. Huo unanata mno. Kwetu Kakamega tulipokatazwa kuchimba bondeni tulihamia udongo wa namna hiyo hiyo. Dawa yake vigae: chukua vyungu vilivyovunjika, twanga kwenye kinu, chekecha, changanya. Unaanza na kimoja kwa kumi, unaongeza mpaka ukikunja kijiti cha udongo kwenye kidole kinaonyesha nyufa ndogo tu. Ukiona kinakatika, umezidisha. Halafu anika kivulini. Jua la saa saba halina huruma.

Fundi wa Tanuri: Bibi kasema vyema, ila yeye anachoma kwa kuni bila glezi. Wewe wa glezi lazima upime kunywea. Tengeneza kipande bapa, piga alama mbili zilizoachana sentimita 10, kausha, choma, pima tena. Kila milimita iliyopungua ni asilimia 1. Kama una bonge la udongo wa zamani limebaki hata kabatini, lifanyie hivyo hivyo ulinganishe. Hiyo ni ya ukubwa wa vyombo. Glezi unaijaribu mbali, kwenye vipande vyenyewe: ikifanya mistari midogomidogo, yenyewe inanywea kuliko udongo, ikibanduka ukingoni, ni kinyume chake.

Kaolini: Nilikimbilia udongo mweupe wa Pugu, Kisarawe, ndiyo kaolini yenyewe. Peke yake ni mkavu mkononi, hautaki kukunjika. Nikauchanganya na wa mtoni, ukatulia. Ila kaolini inataka moto mkali. Ukizidisha, kwa moto wa kawaida chombo kinabaki laini na kinavuja.

Mtanga: Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chokaa. Sahani zilitoka tanurini safi kabisa, nikauza. Zikakaa, zikavuta unyevu, kisha vipande vidogo vikaanza kuruka, kila kitundu kina doa jeupe katikati. Siku hizi kabla ya yote nakamulia ndimu udongo mkavu. Ukitoa povu, natafuta kwingine.

Wa Ughaibuni: Huku Marekani wazee bado wanaulilia udongo wa Albany, New York, uliokuwa unayeyuka wenyewe kuwa glezi ya kahawia. Uliacha kuchimbwa miaka ya 1980. Wakanada wakaleta Alberta Slip, na wala sio udongo wa shimo moja: wamechanganya kadhaa mpaka kemia ikakaribiana na ule. Ndiyo maana nakushauri usitafute pacha wake. Andika ulikuwa unakufanyia nini, kisha changanya kuelekea huko.

Mwenye uzi: Asanteni sana, shikamoo Bibi. Ndimu imetoa povu, tena jingi, wa mtoni nauacha. Vigae ninavyo gunia zima. Jumamosi naenda Kisarawe. Kuna wa Dar mwenye pikapu tuchangie mafuta?

Kaolini: Nipo. Njoo na chekeche yako.