Kisite: waingie wa tanga tu, au na injini nazo?

Mwanzisha mada, Wasini
Naleta hoja, mnipinge kwa hoja. Kazi yangu ni kuongoza wageni wa miwani na mrija, wale wanaoelea wakitazama matumbawe, pale Kisite, hifadhi ya bahari pwani ya kusini ya Kenya. Nasema boti za injini ziishie mpakani mwa hifadhi, ndani waingie wenye vyombo vya tanga peke yao. Hifadhi ina kilomita za mraba 28, lakini wageni wote twawamwaga palepale, ubavuni mwa kisiwa, maji yasiyo na kina. Mtu akilaza uso majini haioni boti inayokuja. Mlio anausikia, ila chini ya maji mlio hauna upande: waweza kuwa nyuma, waweza kuwa mbele. Juzi nilimvuta mama mmoja kwa mkanda wa jaketi la kuokolea, rafadha ya boti ikapita alipokuwa. Akadhani namtania. Na pomboo wakitokea njiani ndiyo balaa, kila nahodha ataka awakate mbele.

Nahodha wa boti ya injini, Shimoni
Ndugu yangu, hilo tanga lako ni la kupigia picha. Tuambiane ukweli: majahazi mengi ya watalii hutoka Shimoni asubuhi yakinguruma dizeli, tanga hutwekwa wakati wa kurudi, wageni wameshashiba kaa. Agosti, msimu wa wageni, kusi, upepo wa kutoka kusini, lavuma. Ukitaka kufika Kisite kwa tanga tupu utapiga bisho, huku na huku dhidi ya upepo, mpaka adhuhuri, na nusu ya wageni watakuwa wanatapika ubavuni. Akizidiwa mtu pumzi huko, utamngojea upepo ugeuke?
Tena injini yangu haigusi tumbawe. Linaloligusa ni nanga. Jahazi zito likivutwa na mkondo, nanga yakwaruza chini kama jembe. Hilo hukulisema.

Mwanzisha mada
Hilo nakubali, sikulisema. Lakini boti zenu nazo zina nanga.

Mjukuu wa mvuvi, Mkwiro
Mnanichekesha nyote wawili. Babu yangu alivua Kisite kabla ya 1973. Ikaja hifadhi, akaambiwa huku basi, nenda hapo jirani, Mpunguti, ukavue kwa zana za kiasili. Akaenda. Sasa pale asiporuhusiwa kushusha mshipi, namwona mgeni amesimama juu ya tumbawe na mapezi yake, anatema mate kwenye miwani, na muongozaji anamwangalia tu kwa kuwa anaogopa kukosa bakshishi. Tumbawe lile la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Lenye ukubwa wa meza huenda likawa rika la babu. Hapo nani aliyelikanyaga, injini au tanga? Hesabuni vichwa, si vyombo.

Nahodha, Shimoni
Hapo umenena. Ila msisahau 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe yakageuka meupe pwani hii yote. Hakuna nahodha aliyeyafanya yale.

Mjukuu wa mvuvi
Kwa hiyo mgonjwa akiinuka na homa, ndiyo mumpande mgongoni?

Dada wa Unguja
Shikamooni wakubwa. Huku kwetu tuna mifano miwili, visiwa vidogo. Mnemba, siku ya bahari shwari, vyombo hujazana mpaka wageni wapigana mateke majini. Chumbe ni kinyume: imehifadhiwa tangu miaka ya 1990, nyumba za wageni 7 tu, hakuna kuvua, hakuna kutia nanga mwambani, hata mbizi za mitungi ya hewa wageni hawaruhusiwi, ni mrija tu. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi, wakafunzwa. Na wageni huletwa kwa boti ya injini! Kwa hiyo kaka wa Wasini, tanga silo lililouponya mwamba ule. Kasoro yake ni bei, mtu wa kawaida hulala huko kwa ndoto, ingawa watoto wa shule hupelekwa kusoma.

Mwanzisha mada
Basi narudi nyuma hatua moja, si mbili. Injini ziingie mwendo wa pole mpaka kwenye boya la kufungia vyombo, zizimwe. Majahazi nayo yafunge boyani, nanga ibaki sitahani. Na kila muongozaji asiingie majini na kundi asiloweza kulihesabu kwa kutupa jicho mara moja. Asiyejua kuogelea ashike boya la mviringo, asitafute pa kusimama.

Nahodha, Shimoni
Maboya ni maneno matamu. Baada ya kusi, nani hupiga mbizi akatazame minyororo? Chumvi huila, siku moja jahazi laondoka na boya lake.

Mwanzisha mada
Mapafu ninayo, miwani ninayo. Wiki ijayo ni maji mafu, mkondo utakuwa mdogo. Lakini kwa upepo huu sitafika kwa tanga. Utanichukua?

Nahodha, Shimoni
Mafuta nusu kwa nusu. Na yule mjukuu wa mvuvi aje, atuoneshe babu alikuwa akifunga wapi dau lake.