Mjadala: Marekani iache kuhesabu vifo kwa rangi ya mtu?

Mleta mada

Wadau, nimekuwa nikipitia takwimu za vifo za serikali ya Marekani, na kuna jambo naomba tulijadili bila jazba. Mwaka 2023 wastani wa umri wa kuishi nchini humo ulikuwa miaka 78.4. Sasa wagawe watu kwa makundi: wenye asili ya Asia 85.2, Walatino 81.3, weupe 78.4, weusi 74.0, wenyeji asilia 70.1. Kutoka juu hadi chini ni miaka 15, ndani ya nchi moja inayotumia fedha nyingi kwa matibabu kuliko nchi yoyote.

Hoja yangu ni kwamba safu ya rangi ifutwe, watu wapangwe kwa elimu na kipato. Wachumi Anne Case na Angus Deaton walionyesha kuwa kufikia mwaka 2018 wenye shahada, weusi kwa weupe, walikuwa wanakaribiana zaidi kwa umri wa kuishi kuliko kila mmoja alivyokaribiana na wa rangi yake asiye na shahada. Kama hali ndiyo hiyo, rangi inatafuta nini kwenye majedwali? Kila mwaka likitangazwa kwamba weusi wanakufa mapema, kuna watu watasikia kwamba kasoro iko kwa weusi wenyewe. Karibuni, ila matusi hapana.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, unazunguka mbuyu. Kuna mambo ya damu. Selimundu inawapata weusi zaidi, shinikizo la damu vilevile. Kwa nini tuone haya kusema kwamba maumbile yanatofautiana?

Mchangiaji wa 2

Hoja hiyo ina zaidi ya karne. Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima ya Prudential, aliandika kitabu kizima kudai kwamba weusi wa Marekani wanakufa kwa wingi kwa sababu ya asili yao na wanaelekea kutoweka. Msomi mweusi wa Marekani, W.E.B. Du Bois, alimpinga kwa takwimu: angalia nyumba, maji, kazi na ujira kwanza, ndipo uzungumze damu. Nani alikuwa sahihi? Mwaka 1900 weupe waliishi wastani wa miaka 47.6, na wasio weupe, ambao karibu wote walikuwa weusi, 33.0. Pengo la miaka 14 na ushei. Mwaka 2023 weusi waliishi 74 na pengo lilikuwa miaka 4.4. Vinasaba havigeuki kwa kasi hiyo. Kilichogeuka ni maji safi, chanjo, na hospitali zilizolazimika kuacha kutenga wagonjwa kwa rangi baada ya mpango wa bima ya wazee, Medicare, kuanza mwaka 1966.

Selimundu ni kweli ipo, lakini wagonjwa wake nchi nzima ni kama 100,000. Pengo la mamilioni ya watu haliwezi kubebwa na hao.

Na kuna utafiti ambao binafsi naona ulitosha kuzima ubishi huu. Mwaka 1997 Richard David na James Collins walilinganisha uzito wa watoto waliozaliwa jimbo la Illinois. Watoto wa akina mama weusi waliozaliwa Afrika walikaribiana kwa uzito na watoto wa akina mama weupe wa Marekani. Wepesi zaidi walikuwa wa akina mama weusi waliozaliwa Marekani kwenyewe. Ingekuwa damu, ingekuwa kinyume.

Mleta mada

Si ndicho ninachosema? Rangi siyo chanzo. Ifutwe.

Mchangiaji wa 3

Hapana ndugu yangu, umerukia hitimisho. Rangi si chanzo ndani ya mwili, ila jinsi mtu anavyotendewa kwa ajili ya rangi yake ni chanzo, tena hakiishii kwenye umaskini. Chukua uzazi. Mwaka 2023 vifo vya akina mama weusi vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, weupe 14.5. Utasema ni kipato. Lakini takwimu za 2007 hadi 2016 zilionyesha kuwa mwanamke mweusi mwenye shahada alikuwa kwenye hatari kubwa ya kufa kwa uzazi kuliko mwanamke mweupe ambaye hakumaliza hata sekondari. Majedwali yako ya elimu na kipato yangelificha hilo moja kwa moja.

Ongeza kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Mwaka 2020, korona ikiwa imepamba moto, watafiti wa Michigan waligundua kuwa kinashindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mwanga wake hupita kwenye ngozi. Tajiri au maskini, mashine haiulizi mshahara. Bila safu ya rangi, nani angeligundua?

Mchangiaji wa 4

Nakubaliana na wa 3, ila mleta mada naye ana haki mahali fulani. Rangi kwenye majedwali ya vifo ni jambo moja. Rangi kwenye kanuni ya kumtibu mtu ni jambo jingine, na huko imeumiza. Kwa miaka mingi maabara za Marekani zilipima kazi ya figo kwa kanuni iliyoongeza matokeo ya mgonjwa mweusi kwa asilimia 16 hivi. Figo zikaonekana nzima kuliko zilivyo, na mtu akachelewa kuingizwa kwenye foleni ya kupandikizwa. Kanuni mpya isiyo na rangi ilipendekezwa mwaka 2021, na kuanzia 2023 hospitali ziliagizwa kuwarudishia wagonjwa hao muda wa foleni waliopotezewa. Sasa jiulize, waliwatambuaje wa kurudishiwa? Kwa kumbukumbu za rangi hizohizo.

Mchangiaji wa 1

Sawa, la damu naliacha kwa leo. Na Walatino? Kipato chao ni cha chini kuliko cha weupe na bado wanawazidi karibu miaka 3.

Mchangiaji wa 2

Sehemu kubwa ni sigara, huvuta kidogo. Nyingine ni kwamba wanaohama nchi kwa kawaida huwa ni wenye afya. Ila kinga hiyo si ya chuma: waliishi wastani wa miaka 81.9 mwaka 2019, 77.8 mwaka 2021. Korona iliwakuta kwenye kazi ambazo huwezi kuzifanyia nyumbani.

Mchangiaji wa 5

Mmewasahau walio mkiani. Wenyeji asilia walikuwa 65.6 mwaka 2021. Na hapa safu yenyewe ina kasoro: rangi ya marehemu kwenye cheti cha kifo hujazwa na msimamizi wa mazishi, ama kwa kuuliza ndugu ama kwa kumtazama tu. Wenyeji asilia wengi huandikwa weupe, hivyo vifo vyao hupungua kwenye karatasi, hadi watakwimu hulazimika kusahihisha hesabu. Kwa hiyo mleta mada, mimi sitaki safu ifutwe. Nataka fomu hiyo ilinganishwe na kumbukumbu za makabila yenyewe kabla kifo hakijahesabiwa.