AC haishiki kompresa: nianze na balbu ya kupimia, multimita, skana, au nimwachie fundi wa gesi?

Mwana wa Kisauni
Waungwana, salamu zenu. Nina Toyota Premio ya 2005. Feni ya ndani yavuma vizuri, lakini hewa inayotoka ni joto tupu, na nikibonyeza kitufe cha AC siisikii ile "tak" ya kompresa kule mbele. Tangu kaskazi ianze nimejaza gesi mara mbili kwa mafundi wawili tofauti. Yule wa pili aliona kompresa haizunguki, akavuta waya kutoka betri mpaka kwenye klachi ya kompresa (sumaku inayoishikisha izunguke), ikashika, akajaza gesi, ndani kukapoa kama friji. Aliporudisha soketi mahali pake, kimya. Akaniambia nikanunue kompresa.

Kabla sijatoa pesa nataka nijue tatizo liko wapi. Naona nina njia nne: kutengeneza balbu ya kupimia mwenyewe, kuazima multimita ya mpwa wangu, kukodi mtu mwenye skana ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari, au kurudi kwa mafundi wa gesi. Nyinyi mngeanza na ipi? Kutoka Kisauni mpaka Makupa adhuhuri bila AC na watoto wawili nyuma ni adhabu.

Fundi Waya Changamwe
Ndugu yangu, usinunue kompresa. Fundi wako amekupa jibu bila yeye kujua. Klachi ikishika kwa umeme wa betri moja kwa moja, basi koili yake ni nzima, ethi yake (njia ya hasi) ni nzima, na kwa kuwa ndani kulipoa, kompresa yenyewe inasukuma. Kilichobaki ni njia ya umeme: fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), swichi ya presha (hukata kompresa presha ya gesi isipokuwa sawa), waya na soketi zake. Gesi haina hatia hapa.

Swali lako la kifaa sasa. Mimi naanza na balbu, na nitakwambia kwa nini. Multimita inakula umeme kidogo mno. Waya uliooza ukabakiwa na nyuzi mbili za shaba utakuonyesha volti 12 safi kwenye multimita, uape kwamba umeme unafika. Koili ya klachi ina ohmu 3 mpaka 4 hivi, maana yake inataka ampea 3 au zaidi. Nyuzi mbili zile haziwezi kubeba mzigo huo. Balbu ya indiketa ya wati 21 inavuta karibu ampea 2, kwa hivyo inaulazimisha waya uonyeshe nguvu yake ya kweli. Ikiwaka nyeupe kali, waya mzima. Ikiwaka rangi ya chai, umempata mwizi. Usitumie vile vitesita vidogo vya bisibisi, mzigo wake hautoshi.

Fuata mpangilio huu. Fyuzi kwanza, pande zote mbili, gari likiwa limewashwa. Kisha badilisha rilei ya AC na ya honi kama zinafanana miguu na namba. Usiridhike kwa kusikia rilei inalia "tik", kwani inaweza kulia huku vidole vyake vya ndani vimeungua. Halafu chomoa soketi ya klachi, washa injini na AC, weka balbu kati ya ule waya na hasi ya betri.

Tafadhali: mikono mbali na mikanda. Usifanye kazi hii ukiwa umevaa kanzu au shuka. Na soketi za manjano usiziguse kabisa, zile ni za mifuko ya hewa.

Bi Mtwapa
Mwana wa Kisauni, kama yako ina kitufe cha AUTO, una skana ya bure ndani ya gari. Toyota nyingi za namna hiyo, unashikilia AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja, kisha unafungua switi ya ufunguo bila kuwasha injini. Taa zitamemeta, halafu namba zitaanza kuonekana. 00 ni salama, 13 ni sensa ya evaporeta (kile kipoozi cha ndani ya dashibodi), 23 ni njia ya swichi ya presha.

Ila fanyia juani. Mimi nilifanyia ndani ya gereji nikapata 21, ambayo ni sensa ya jua, nikaanza kuitafuta mpya. Kumbe kivulini sensa haioni jua, kwa hivyo namba ile hutokea tu. Nilipotoa gari nje ikapotea. Nilikuwa nimeshaagiza sehemu.

Kijana wa Nyali
Naheshimu maneno ya fundi, lakini asiye na Premio asiyachukue yote. Magari mapya mengi hayana swichi ya presha ya kawaida. Yana sensa ya nyaya tatu inayotumia volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Ukiitia balbu ya wati 21 pale unaweza kuichoma kompyuta. Na kompresa za magari mengi ya Ulaya hazina klachi ya umeme kabisa, zina vali inayoongozwa na kompyuta, hivyo kungoja "tak" ni kazi bure. Huko skana ndiyo ya kwanza. Ukiona P0645 ni njia ya rilei ya klachi, P0532 ni sensa ya presha kusoma chini.

Lakini skana yenyewe iwe inaingia kwenye mfumo wa AC. Zile ndogo za bluetooth nyingi zinasoma injini tu, na zikisema hakuna kosa si kwamba AC ni nzima.

Fundi Waya Changamwe
Kijana wa Nyali, hapo umesema kweli na nashukuru umeongeza. Balbu ni ya nyaya za mzigo: klachi, feni ya mbele, blowa yaani feni ya ndani. Nyaya za sensa ni za multimita peke yake.

Dereva wa Likoni
Mimi yangu ilikuwa aina nyingine, huenda ikamsaidia mtu. Barabarani baridi safi, nikifika foleni ya feri dakika kumi tu, joto. Mafundi wawili wakasema gesi imepungua. Siku moja nikafungua boneti pale pale foleni, nikaona feni ya mbele ya rejeta haizunguki. Presha ilikuwa inapanda, swichi inakata. Gari likitembea upepo unafanya kazi ya feni. Ilikuwa rilei ya feni tu.

Mwana wa Kisauni
Nimerudi. Vitufe vya Bi Mtwapa, juani, vilinipa 00. Fyuzi nzima, rilei nimebadilisha na ya honi, hakuna tofauti. Nikaazima na multimita pia. Soketi ya klachi ikiwa imechomolewa: volti 13.9. Nikafurahi nikadhani njia ni nzima. Nikaweka balbu: ikawaka rangi ya chai kabisa. Nikachomeka soketi, nikaingiza sindano ya multimita kwa nyuma upande wa klachi: volti 6.2.

Nilipoifungua ile soketi pini ilikuwa imevaa unga wa kijani, na nilipoivuta kidogo waya ukaniachia mkononi, umekatika ndani ya plastiki yake. Nje ulionekana mpya.

Fundi Waya Changamwe
Ndiyo hiyo. Chumvi ya bahari. Ule unga hupanda ndani ya waya, kwa hivyo kata nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa nyekundu, hata kama ni urefu wa kiganja. Tia pini mpya, lehemu, funika kwa mpira, pakaza grisi ndani ya soketi. Usisugue kwa msasa ukarudisha ile ile, utarudi mwezi ujao.

Halafu gesi. Umejaza mara mbili na hujui kiasi kilichomo. Iliyozidi nayo huua kompresa. Mwambie fundi aitoe yote na aijaze kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Mwana wa Kisauni
Waya nimekata sentimita nane ndipo nikapata shaba safi. Sasa inasoma 13.6 klachi ikiwa imeshika. Kibandiko nimekiona, kimefifia lakini namba zinasomeka. Kesho asubuhi naenda kwa mwenye mizani.

Bi Mtwapa
Kipige picha hicho kibandiko leo, kabla hakijafutika.