Ua la Usambara limejaa vyunguni duniani: kwa nini lihesabiwe kuwa hatarini?

Mjumbe wa kamati ya mazingira, Muheza
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Huku kwetu Usambara Mashariki, kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, huota ua dogo la zambarau lenye majani manene ya vinyweleo, ambalo wanasayansi walilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Tunaambiwa kwamba baadhi ya aina zake zinatishiwa kutoweka, ilhali linauzwa vyunguni duniani kote. Mpingo nao, ambao wachongaji wanalalamika kuwa hawaupati tena karibu, umeandikwa kuwa "karibu na kutishiwa" tu. Ni nani anayepanga ngazi hizi, na kwa kipimo gani? Naomba nieleweshwe, kwa kuwa wanakijiji wataniuliza.

Bwana miti mstaafu, Tanga
Marahaba, mwanangu. Hiyo ni Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, iliyoanzishwa mwaka 1964, nayo huangalia mimea inayoishi porini. Ua la chunguni halihesabiwi, hata yakiwa mamilioni.

Kwa mimea ya milimani kipimo kinachotumika sana ni eneo. Ukizungushia mpaka sehemu zote unakoota mmea ukapata chini ya kilomita za mraba 5,000, unaweza kuingia ngazi ya "hatarini kutoweka". Chini ya 100, "hatarini sana". Hapa ndipo wengi hukosea, kwani eneo dogo peke yake halitoshi: ni lazima yathibitike na mengine, hasa kwamba makazi yake yamekatika vipande au yamebaki sehemu chache, na kwamba yanazidi kuharibika. Nimeyaona haya kwa macho yangu. Mti wa juu ukikatwa, jua hulipiga jiwe, jiwe hukauka, na ua hunyauka bila mtu yeyote kuligusa.

Mwalimu wa baiolojia, Bagamoyo
Naongezea kuhusu mpingo. Mti huu umeenea kuanzia Senegal hadi kusini mwa Afrika, na ngazi ya chini kabisa ya kutishiwa kwa kipimo cha upungufu hudai kupotea kwa angalau asilimia 30 katika miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea kipi ni kirefu zaidi. Kwisha kwake kwenu ni hasara ya kweli, lakini hakutoshi kuupandisha ngazi. Hata hivyo, tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Linganisha na Karomia gigas, mti uliodhaniwa kuwa umetoweka hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena Kilwa mwaka 2011. Miti iliyokomaa ikiwa chini ya 50, hesabu hiyo pekee inatosha kuuweka "hatarini sana".

Mjumbe wa kamati ya mazingira, Muheza
Ahsanteni sana. Je, tukihesabu wenyewe, tuhesabu na miche?

Bwana miti mstaafu, Tanga
Miche iandikeni pembeni, mwanangu. Kinachohesabiwa ni mmea uliokomaa, unaoweza kuzaa. Hesabuni mashina yenye maua au vikonyo vya mbegu, andikeni tarehe na hali ya kivuli, na jiwe lenyewe msilitaje hapa hadharani, maana wapo wanaokuja kung'oa.