Nimemaliza madarasa ya uanafunzi na cheti ninacho, ila kazini nifanyeje?

Kijana wa Nyakato:
Habari za jioni wakuu. Mimi nimeokoka kitambo kidogo, kanisani kwetu hapa Mwanza nimepita madarasa yote ya uanafunzi, mistari nimekariri, cheti nimepewa mbele ya madhabahu watu wakapiga vigelegele. Sasa shida ni hii, nauza kwenye hadwea, mteja akija kuchukua mabati ya milioni moja bosi anataka risiti ya EFD (ile mashine ya kodi ya serikali) isome laki mbili au asipewe kabisa, na bosi mwenyewe ni mzee wa kanisa (sio kanisa letu). Nikiuliza darasani naambiwa niombe. Sawa naomba, ila asubuhi mashine naikuta palepale. Naombeni majibu ya watu wanaoyaishi haya, mahubiri nimeshiba.

Mhaya wa Kyaka:
Mkuu umeuliza kama watoza ushuru walivyomuuliza Yohana Mbatizaji kwenye Luka 3, sisi tufanye nini? Hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa, askari nao akawaambia wasidhulumu mtu na waridhike na mshahara. Kila mtu alijibiwa kwa kazi yake.
Huku Kagera tuna wazee wa uamsho, ule uliowaka Gahini Rwanda ukaingia Bukoba miaka ya 1930. Kwao mtu akiokoka anaanza kurudisha alichoiba, iwe jembe iwe hela ya tajiri wake, anaenda mwenyewe kwa miguu yake anasema nilichukua hiki. Halafu wanakutana mara kwa mara, mtu anataja alipoanguka kwa jina la dhambi yenyewe, sio hii ya "niombeeni nina changamoto". Walikuwa na ukali wao pia, mpaka nywele za mtu wanazihukumu, hapo siwatetei. Ila huyo mtu wa kukuuliza "jana risiti uliandika shilingi ngapi?" unaye? Cheti hakiulizi.

Chuma cha Reli:
Rahisi kuandika hapa. Akifukuzwa kodi ya chumba mtamlipia nyie? Mtaani ajira hakuna, dogo piga kazi, dhambi ni ya bosi.

Mama Jeni:
Chuma una hoja kwenye kodi ya chumba, kwenye dhambi hapana, anayebonyeza mashine ni yeye. Na kisheria hata mteja asiyedai risiti anaweza kupigwa faini, kwa hiyo mnamponza na mtu wa watu.
Mimi Mkatoliki, sisi mambo haya yanapita kwenye jumuiya ndogondogo, maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu 1976. Tunakutana nyumba kwa nyumba, tunasoma Injili, halafu ni nani anaumwa, nani hana ada ya mtoto. Nisiseme uongo, zingine zimebaki za michango tu, ukikosa mchango hata msibani unaangaliwa vibaya. Ila ikiwa hai, mtu akipoteza kazi kwa sababu ya haki halali njaa. Mwanangu, kabla hujamkabili bosi tafuta hao watu kwanza, na uanze kuweka akiba kidogokidogo.

Kijana wa Nyakato:
Asante mama, ubarikiwe. Mhaya swali lako limenikaba, sina mtu wa hivyo, kanisa lina watu mia tano na hakuna anayejua nauza nini. Kuna kaka mmoja wa kwaya ni dereva wa lori naye analalamika mambo ya mizani, nimemwambia tukae Alhamisi baada ya mazoezi. Sasa kwa bosi nataka nimwambie mimi nitaandika bei halisi, akitaka nyingine abonyeze mwenyewe. Kuna aliyewahi kumwambia bosi wake laivu hivyo? Alijibiwaje?

Mhaya wa Kyaka:
Mwambie mkiwa wawili tu, sio mbele ya wateja. Wangu alininunia mwezi mzima, baadaye akanikabidhi funguo za stoo.

Chuma cha Reli:
Wangu alinifukuza. Ndo maana niliuliza habari ya kodi.